Nyumba ya baba: tubomoe au tukarabati?

SWALI: Baba alituachia nyumba ya miti na udongo, imeezekwa bati. Mchana joto kali, usiku mbu. Kaka yangu aliyeko Korogwe anataka tuibomoe, tujenge ya tofali za saruji. Tufanyeje?
Msomaji, Handeni

JIBU: Msiibomoe bado. Kagueni kwanza nguzo na fito. Kama mchwa hawajazimaliza, nyumba hiyo inafaa kukarabatiwa. Tofali za saruji chini ya bati lisilo na dari hazitawaondolea joto: hunywa jua mchana kutwa, kisha hulitoa usiku mkiwa mmelala.

Jirani zenu wa Magoda, wilayani Muheza, wana ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima nyumba sita za mfano zilizojengwa pale, zenye kuta za kupitisha hewa, wavu wa mbu na, nyingine, ghorofa ya kulala. Ndani mlikuwa na joto pungufu kwa nyuzi 2.3 kuliko nyumba za kawaida, na mbu walipungua mno, hasa kwenye zile za ghorofa.

Kwa hiyo fedha ya tofali ipelekeni kwenye paa. Lirefusheni livuke ukuta, mvua isiule udongo. Wekeni dari. Uwazi wa juu ya ukuta uzibeni kwa wavu, hewa ipite. Lipu ya saruji juu ya udongo hubanduka. Tumieni udongo wenye chokaa. Handeni maji ni shida, basi mfereji wa bati na tangi visikosekane.

Mwonyeshe kaka jibu hili kabla hajaagiza tofali.