Kicheko Chenye Meno: Tujifunze Kejeli kwa Ian Hislop

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Katika somo la fasihi tunafunzwa kuwa kejeli ni mbinu ya kumcheka mtu au jambo ili kasoro ionekane. Wengi wetu huandika maana hiyo, tukapata alama zetu mbili, yakaisha. Lakini je, kejeli ikitoka kwenye karatasi ya mtihani na kuingia mahakamani, huwaje? Hebu tumtazame Mwingereza mmoja ambaye kazi yake ndiyo hiyo.

Ian Hislop ni nani?

Alizaliwa mwaka wa 1960 huko Wales. Babake alikuwa mhandisi, basi utotoni aliishi Nigeria, Kuwait, Saudi Arabia na Hong Kong. Akiwa Chuo Kikuu cha Oxford alihariri jarida la wanafunzi la kuchekesha. Naam, jarida la wanafunzi kama hili ulilo nalo mkononi! Alipohitimu alijiunga na Private Eye, jarida la kejeli lililoanzishwa mwaka wa 1961 ambalo hutoka kila wiki mbili. Kwenye jalada huwekwa picha ya mkubwa fulani, kisha anatiwa maneno ya kubuni kinywani. Ndani, utani umechanganywa na habari za uchunguzi kuhusu ulaji rushwa na maovu mengine.

Mwaka wa 1986 mhariri Richard Ingrams alimwachia kiti. Hislop alikuwa na miaka 26 tu. Baadhi ya wakongwe walinuna, eti huyu bado mtoto.

Gharama ya utani

Mtoto huyo alikaribishwa na kesi. Mwaka uo huo tajiri Robert Maxwell, mwenye gazeti la Daily Mirror, alilishtaki jarida kwa kumharibia jina, akashinda. Jarida liliamriwa kumlipa fidia ya pauni 55,000, mbali na gharama za kesi. Hislop akatania kwamba amempa "Czech" mnene "cheque" nene. Utani uko wapi? Maxwell alizaliwa nchini Czechoslovakia, na kwa Kiingereza maneno hayo mawili, Mcheki na hundi ya benki, hutamkwa sawasawa. Ni kama sisi tunavyochezea vitawe vyetu: kaa la moto, kaa wa baharini, na kaa kitako!

Mwaka wa 1989 mambo yakazidi. Mke wa muuaji mmoja aliyetisha Uingereza alishtaki kwa sababu jarida lilidai amefanya mapatano ya kuuza habari zake kwa gazeti. Baraza la wazee wa mahakama likampa pauni 600,000. Si mchezo! Jarida lilikuwa karibu kufungwa, na wasomaji wakachanga pesa kulinusuru. Baadaye, baada ya rufaa, fidia ikashuka hadi pauni 60,000.

Na Maxwell? Alifariki baharini Novemba 1991. Kumbe alikuwa amechota zaidi ya pauni milioni 400 kutoka kwa hazina za malipo ya uzeeni ya wafanyakazi wake! Hapa tuwe waangalifu. Wizi huo haufanyi yale yaliyoandikwa kabla ya kesi ya 1986 kuwa kweli. Hilo lilikuwa jambo jingine. Lakini unatuonyesha kwamba tajiri anaweza kutumia mahakama kuwatia woga waandishi, na wakinyamaza wote, wanyonge ndio huumia.

Redioni na katika televisheni

Tangu mwaka wa 1990, Hislop amekuwa nahodha wa timu katika Have I Got News for You, kipindi cha BBC cha kushindana kuhusu habari za wiki. Mwaka wa 1993 mwanasiasa Roy Hattersley alikosa kufika kwa mara ya tatu. Wakafanyaje? Wakaweka chombo cha mafuta ya nguruwe kwenye kiti chake, na kipindi kikaendelea! Pia, pamoja na rafikiye Nick Newman, Hislop aliandika filamu ya The Wipers Times ya mwaka wa 2013, kuhusu askari waliochapisha gazeti la utani wakiwa vitani mwaka wa 1916.

Mafunzo kwetu

Kwanza, kejeli humlenga mwenye nguvu. Kumcheka kilema au maskini ni uonevu tu. Pili, utani hauondoi wajibu wa kuthibitisha habari. Ukikosea, utalipa. Tatu, anayecheka wengine akubali kuchekwa, kwani mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Maswali

1. Tofautisha kejeli na matusi. Toa mfano mmoja wa kila kimoja.
2. Tunga sentensi mbili za utani ukitumia vitawe vya neno "paa".
3. "Ni heri fidia kuliko kunyamaza." Jadili.