SOMO LETU: BETRI YA SOLA NA TANGI LA CHOO



Tukitembelea vikundi huku Siongiroi, tunaonyeshwa kwanza vitu vinavyong'aa: paneli juu ya mabati, taa, televisheni. Betri imefichwa nyuma ya kabati, na tangi la choo liko chini ya nyasi. Lakini hivyo viwili ndivyo vinavyomaliza pesa za kikundi, kwa sababu huharibika polepole bila kelele. Kuna wageni wanaosafiri kwa magari yaliyo kama nyumba, yenye kitanda, betri na choo ndani. Hao hawasahau, maana tangi likijaa wanalala nalo. Sisi tuna uwanja mkubwa, basi tunasahau.

Tuanze na betri. Kikundi kimoja tunachokijua kilichanga mwaka mzima, kikanunua betri ya maji ya ampea 100 kwa saa, kikaanza kuchaji simu za watu. Mvua ndefu za pili hazikuisha kabla betri haijafa. Tulipofungua vifuniko, maji yalikuwa chini ya sahani, na sahani zimeshika weupe.

Weupe huo ni chumvi ya risasi. Betri ikitoa umeme, chumvi hiyo hushika sahani. Ikichajiwa mapema, inayeyuka tena. Ikikaa siku nyingi bila kujaa, inagandamana, na hapo hakuna fundi wa kuirudisha. Kwa hiyo kosa kubwa ni kutumia betri mpaka taa zizime zenyewe, halafu kungoja jua. Wakati wa mawingu ndio tunakosea zaidi. Wale wanawali watano waliishiwa mafuta tu, taa zao zilibaki nzima. Sisi tukiishiwa, tunapoteza na taa yenyewe.

Tumieni nusu, muache nusu. Betri hiyo ya volti 12 ina wati 1,200 kwa saa moja, na nusu yake ni 600. Televisheni ya wati 60 kwa saa nne inakula 240. Taa nne za wati 8 kwa saa tano zinakula 160. Zinabaki 200, yaani simu kumi na tano hivi, si arobaini! Asubuhi kabla ya jua, wakati hakuna kinachowaka, pimeni kwa mita: 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Ikiwa chini ya hapo, siku hiyo televisheni ipumzike, hata kama kuna mpira.

Kila mwezi angalieni maji. Ongezeni maji safi ya betri yanayouzwa kwa chupa, sahani zifunikwe kama sentimita moja, na mjaze baada ya kuchaji, si kabla. Maji ya mto au ya bomba yana chumvichumvi. Asidi usiongeze kamwe. Kinachopungua ni maji. Betri ikichajiwa hutoa hewa inayolipuka, kwa hiyo koroboi na sigara zikae mbali, na dirisha liwe wazi. Betri zilizozibwa, na hizi za lithiamu zinazouzwa siku hizi, hazifunguliwi kabisa.

Sasa, betri ikifa inakwenda wapi? Hapa ndipo masomo mawili yanakutana, maana tumewaona watu wakimwaga asidi chooni. Msifanye hivyo. Ndani ya tangi kuna vijidudu vinavyokula uchafu, ndivyo vinavyofanya kazi bila mshahara. Asidi inaviua, na risasi iliyomo inafuata maji hadi udongoni. Jiki nyingi na mafuta ya gari ni vivyo hivyo. Risasi hudhuru akili za watoto. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliumiza kijiji kizima. Mwaka wa 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani, Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo Desemba 2024. Betri iliyokufa irudishwe ikiwa nzima kwa muuzaji anayepokea kuukuu. Asivunje mtu nyumbani, hata akiahidiwa bei ya vyuma.

Tangi lenyewe halihitaji mengi. Tope hukaa chini, mafuta huelea juu, na maji ya katikati huenda kwenye shimo la kunywea. Mara moja kwa mwaka, chukueni mti mrefu, mfunge kitambaa cheupe upande wa chini, mshushe hadi sakafuni kupitia tundu la kukagulia. Alama nyeusi itaonyesha kimo cha tope. Likifika theluthi moja ya kina, iteni lori la kunyonya. Mkingoja, tope litapita na kuziba shimo la kunywea, na kuchimba jingine ni gharama kuliko lori.

Asiingie mtu ndani ya tangi, hata kama ni tupu, hata kama simu imeanguka. Hewa yake inaua kwa dakika chache, na mara nyingi anayeshuka kuokoa hufa wa pili. Msichungulie na kiberiti. Mfuniko uwe mzito, watoto wasiuinue.

Katika mkutano ujao, jadilianeni: Ni nani ana zamu ya kupima betri wiki hii? Tangi lilifunguliwa lini mara ya mwisho? Katibu aandike majibu katika daftari la kikundi, pamoja na tarehe.