Kosa la 200: Baiti Mbili Zinazofufua Programu Kongwe

Programu ya kompyuta haichakai kama chuma, wala haipati kutu. Hata hivyo, yaweza kushindwa kufanya kazi siku mashine inayoiendesha inapobadilishwa. Mfano mzuri ni wa programu za mfumo wa DOS, zilizoendeshwa kwa kuandika amri, na kutungwa kwa Turbo Pascal 7.0 iliyotolewa na kampuni ya Borland ya Marekani mwaka 1992. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, zilipohamishiwa kwenye kompyuta zenye kasi zaidi, nyingi zilikatika mara tu zilipoanzishwa, zikaacha ujumbe mmoja: kosa la 200, yaani kugawanya kwa sifuri.

Chanzo cha Kosa

Ujumbe huo ulipotosha, kwani sifuri haikuwapo. Programu hizo zilitumia sehemu iitwayo Crt, yenye amri ya kusubiri kwa milisekunde. Ili kupima kasi ya mashine, Crt ilihesabu mizunguko mitupu ndani ya mpigo mmoja wa saa ya kompyuta, ambao ni milisekunde 55 hivi. Kisha ikaigawanya hesabu hiyo kwa 55. Jawabu lilitengewa biti 16, ambazo haziwezi kubeba namba inayozidi 65,535. Mizunguko ilipofika 3,604,480, yaani 55 mara 65,536, jawabu halikuenea tena katika nafasi hiyo. Prosesa hutoa ishara ileile kwa jawabu lisiloenea na kwa mgawanyo wa sifuri. Ndiyo maana lawama iliiangukia sifuri.

Tiba

Mwenye maandishi asilia ya programu huweza kuyasahihisha. Lakini huenda mtungaji hayupo tena na maandishi yake yamepotea, ilhali hesabu za duka au kumbukumbu za maabara hufunguliwa kwa programu hiyo tu. Hapo hutumika kihariri cha baiti, ambacho huonyesha kila baiti ya faili kwa tarakimu mbili za kizio cha 16. Humo herufi A hadi F husimama badala ya 10 hadi 15. Hutafutwa mfululizo huu:

F7 D0 F7 D2 B9 37 00 F7 F1

B9 ni amri ya kupakia namba, 37 00 ni namba yenyewe, na F7 F1 ni amri ya kugawanya. Katika kizio hicho, 37 ni 3 mara 16 kujumlisha 7, yaani 55. Baiti yenye thamani ndogo hutangulia, hivyo 00 huja nyuma. Zikiwekwa 26 02 mahali pa 37 00, namba inayogawa huwa 550, na kikomo hupanda hadi mizunguko 36,044,800. Kwa mashine zenye kasi kubwa zaidi huwekwa FF FF, yaani 65,535.

Tahadhari

Tiba hii ina gharama yake. Kwa 550, kila muda wa kusubiri hupungua hadi sehemu moja ya kumi. Programu inayotegemea muda kamili, kama ile inayoongoza chombo cha kupimia, haifai kutibiwa hivi. Aidha, kazi hufanywa juu ya nakala, faili la asili likihifadhiwa. Baiti hubadilishwa tu. Ikiongezwa au kuondolewa hata moja, anwani zote zinazofuata husogea na programu huharibika. Mfululizo usipoonekana, yawezekana faili limebanwa, na hapana budi likunjuliwe kwanza.