Miguu Imegoma? Ule Nini?

Wewe unayepiga baiskeli kutoka Kilindoni hadi Bweni unajua kuchoka, tena Mafia hatuna hata mlima! Mwaka 2013 Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alilegea akipanda Alpe d'Huez huko Ufaransa. Kisa? Sukari mwilini imepungua. Misuli ikikazana hula akiba yake. Ikiisha, miguu inagoma, unatetemeka, kichwa kinazunguka. Mwenzake akamfuatia chakula cha sukari mahali palipokatazwa, wote wakaadhibiwa sekunde 20. Bado Froome alishinda Tour de France mwaka ule.

Sasa wewe, unaondoka na chai kavu? Kula muhogo kwanza. Beba maji na ndizi mbivu, ule kabla njaa haijauma. Ukianza kutetemeka shuka, kaa kivulini, kula.