Petroli ya nani? Istilahi za kioo na mafuta katika ndege ndogo za zamani

Makala haya yanachunguza maneno matatu yanayomsumbua mfasiri wa mwongozo wa matengenezo ya ndege: kioo, mafuta na petroli. Mfano wetu ni Cessna 172, ndege ya injini moja ya pistoni iliyoanza kuuzwa mwaka 1956.

1. Kioo

Neno hili hutaja maada yenyewe, kitu cha kujitazamia na dirisha la mbele la gari. Hivyo «safisha kioo cha mbele» ni sentensi sahihi kisarufi. Lakini «kioo» cha mbele cha Cessna ni akriliki, plastiki angavu ya jamii ya Plexiglas. Msomaji atakayeshika maana ya kawaida atachukua dawa ya kusafishia vioo, alkoholi au esansi. Vyote hivyo huila plastiki na kuijaza nyufa ndogo ndogo. Rubani akilielekea jua, mwanga hutawanyika naye haoni mbele. Kitambaa kikavu nacho hukwaruza. Kinachofaa ni maji mengi, sabuni isiyo kali na kitambaa laini. Tunapendekeza «dirisha la mbele la plastiki»: jina lenyewe linaonya.

2. Mafuta

«Ongeza mafuta»: katika tangi au katika injini? Ngeli ya ya- haitofautishi. Tuandike «mafuta ya kuwasha» na «mafuta ya kulainisha».

3. Petroli

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Nairobi au Dar es Salaam, petroli ni mafuta ya gari dogo. Kwetu Kongo, kwa njia ya Kifaransa, petroli ni mafuta ya taa. Ya gari tunaita esansi. Mafuta ya ndege za jeti ni ndugu wa mafuta ya taa. Yakiingia katika tangi la Cessna ya pistoni, injini inaweza kuwaka vizuri kwa esansi iliyobaki katika mabomba, kisha ikaharibika ndege ikiwa imeshapaa. Neno moja, Kiswahili kimoja, matokeo mawili.

Dawa ni kutoliacha neno peke yake. Mwongozo utaje namba na rangi: esansi ya ndege 100LL, ya buluu. Rangi husaidia pia katika ukaguzi. Kabla ya safari ya kwanza ya siku na baada ya kila kujaza, hukingwa mafuta kidogo kutoka sehemu ya chini kabisa ya tangi katika kikombe angavu. Maji ni mazito kuliko esansi, kwa hiyo hutuama chini. Kikombe kikijaa maji matupu hakuna mstari wa kutenganisha. Kukosekana kwa buluu ndiko kunakotoa habari.

Hitimisho: istilahi ya kiufundi haitoshi kueleweka; lazima ieleweke vilevile kwa kila msomaji.

Zoezi: Andika upya «Safisha kioo, kagua mafuta, jaza petroli» ili fundi wa Bukavu na wa Mombasa wafanye kazi ileile.