Kizimba cha Matunda: Kila Kiungo na Adui Wake

Mtu akaaye Ngombezi, baina ya mashamba ya mkonge na Mto Pangani, hahitaji kuambiwa kwamba papai likianza kuiva halimngoji aliyelipanda. Ndege hulidonoa mchana, popo hulimaliza usiku, na tumbili watokao vichaka vya mtoni huchuma hata wasichokusudia kula. Kizimba, yaani uzio wa nguzo na wavu uizungukao na kuifunika miti ya matunda, ni kinga dhidi ya wote hao kwa pamoja, walakini wengi hukihesabu kuwa anasa ya matajiri, kwa sababu huitazama bei ya dukani bila kuigawa kwa miaka ambayo kitu kitatumika. Mimi, baada ya kujenga changu na kukitunza, nimesadiki kwamba hapana kifaa kimoja kilicho imara kila mahali, bali kila kiungo kina adui wake, na fedha haba yafaa itangulie pale adui alipo mkali zaidi.

Nguzo

Adui wa nguzo ni ardhi, maana ndani yake mna unyevu na mchwa. Neema ya nchi yetu ni mlingoti wa mkonge, mmea ambao Mdachi Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, ikasalimika miche 62 tu kati ya elfu moja iliyoagizwa. Nao huchanua mara moja maishani, ukatoa mlingoti mrefu ulionyooka, kisha ukafa. Mlingoti uliokauka ni mwepesi hata mtoto huubeba, na ukipatikana kwa idhini ya wenye shamba gharama yake ni ndogo. Ila ugumu wake wote umo katika ganda, ndani ni laini, na ukifukiwa ardhini mchwa huula ukabaki ganda tupu.

Kwa hiyo siufukii. Huchimbia kisiki cha mti mgumu, dhiraa moja ndani na dhiraa moja juu, kisha nikaufunga mlingoti ubavuni mwake, kitako chake kikiwa shibiri moja juu ya udongo. Mpingo ni bora kuliko yote, maadamu umepatikana kwa kibali. Msaji nao hufaa, lakini chagua kiini chenye rangi ya kahawia, kwani ule weupe wa nje mchwa hawauheshimu. Asiyepata miti hiyo na atafute bomba la chuma kuukuu, alisimike kwa zege, na uso wa zege auinamishe ili maji ya mvua yasituame shinani.

Wavu

Adui wa wavu ni jua, na baada yake meno ya tumbili. Wavu wa plastiki wa bei ya chini hupauka, hata ukafika kukatika kwa vidole. Mweusi aghalabu hustahimili kuliko mweupe. Nyavu kuukuu za wavuvi wa pwani ni rahisi na hufaa kwa paa, bali usinunue kabla ya kushika uzi mmoja na kuuvuta kwa nguvu: ukikatika bila kukaza, umekwisha liwa na jua. Pande za chini, ambako tumbili hushika na kutikisa, weka waya wa kuku uliopakwa zinki. Macho ya wavu yawe madogo na wavu ukazwe, kwani uliolegea hunasa ndege na nyoka, na kuwanasua ni kazi yenye hatari.

Vifungo na mlango

Mlingoti haupigwi misumari, kwa kuwa ganda hupasuka na msumari haupati pa kushika, bali hufungwa. Waya mweusi wa kufungia nondo ni rahisi, lakini hauchelewi kushika kutu, basi ongeza kidogo ununue wa zinki. Kamba ya katani hukaza fundo vizuri sana, ila iwekwe juu, mbali na udongo wenye maji, na ibadilishwe inapoanza kuchakaa.

Mwenye pasheni ya njano ndani ya kizimba azingatie jambo moja zaidi. Maua yake hufunguka adhuhuri, nayo hutaka chavua ya mche mwingine, ambayo huletwa na nyuki wale wakubwa weusi watoboao miti mikavu. Wavu uzuiao ndege huwazuia na wao. Mimi hufungua mlango na upande mmoja wakati huo, nikiwa papo hapo kwa ajili ya tumbili, na huacha milingoti michache mikavu ya mkonge imesimama karibu, kwa kuwa nyuki hao hupenda kuitoboa na kuzaa humo.

Asiye na fedha ya kutosha kwa mara moja, basi, na aanze na visiki vyema na waya wa zinki, akubali mlingoti na wavu wa bei ndogo. Hivyo viwili hubadilishwa asubuhi moja bila kuchimba shimo jipya, ilhali kisiki kibovu huangusha kila kilichofungwa juu yake.