Haki ya Mlembe katika Asali ya Mwitu

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa mwanadamu hakuwekwa duniani aitazame miti na ndege kwa mbali. Yumo pamoja nao katika riziki, na mwenye kutwaa ataulizwa alitwaaje.

Mfano wake uko Yaeda Chini, katika nchi ya Mbulu. Huko wakaa Wahadzabe, na baadhi yao hata leo hutafuta chakula kwa uta, mizizi, matunda na asali ya mwitu. Mtu hupiga mbinja, na ndege aitwaye mlembe humjibu, akatangulia mti kwa mti hata amfikishe penye nyuki, mara nyingi juu ya mbuyu. Mtu hupigilia vigingi akapanda, akawafukiza nyuki, akatoa masega. Asali huila mtu. Mlembe hutaka nta. Wataalamu walieleza mwaka 2014 kuwa kumfuata mlembe kwawapatia Wahadzabe nyuki kwa wepesi zaidi ya mara tano. Na mwaka 2023 ikadhihirika ya kuwa mlembe wa huko huitika mbinja ya Wahadzabe kuliko mwito wa Wayao wa Msumbiji. Basi kila ndege amezoea sauti ya jirani zake.

Mas'ala: Mara nyingi Wahadzabe huifukia au huichoma nta, ili ndege abaki na njaa awaongoze tena. Je, mlembe ana haki katika nta hiyo?

Jawabu: Kwa hukumu ya sheria, hana. Asali ya mwitu isiyo na mwenyewe ni mubaha, huwa milki ya aliyetangulia kuitwaa. Na ujira wa juala haufungiki na ndege. Walakini lisilo wajibu huenda likawa na thawabu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha ya kuwa kumtendea wema kila chenye uhai kuna ujira, na kwamba anachokula ndege katika mmea wa Muislamu ni sadaka yake.

Wala usiharakishe kuwalaumu Wahadzabe. Wao wamchukulia nta mlembe, lakini mbuyu huuacha umesimama, na kesho ndege ana pa kuwaongoza. Lawama ni kubwa zaidi kwa mtu anunuaye asali yao kwa mizani pungufu, au akataye miti yao apate shamba. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hilo walipewa hati ya kimila ya ardhi yao. Kwa hiyo kuingia na kulima humo pasipo idhini yao ni ghasbu, na ghasbu ni haramu, awe mwenye ardhi Muislamu au asiwe.

Basi ukirina asali, shika mambo matatu. Usiwachome nyuki, kwani Mtume amekataza kuwaua, na moshi watosha kuwafukuza. Zima moto wako kabla hujaondoka. Na mwachie mlembe kipande cha sega, si kwa kuwa akudai, bali kwa kuwa alikuonyesha njia.

Wallahu a'lam.